Pakiti ya stempu 200 za madini na visukuku: inamfaa nani Dodoma?

Pakiti hizi zimejaa mtandaoni: stempu 200 tofauti, madini, visukuku na volkano, kutoka dunia nzima. Muuzaji hatumtaji kwa sababu haisaidii kitu. Ukihama kwa huyu ukaenda kwa yule, kwa sehemu kubwa utaletewa stempu zilezile. Uamuzi wetu tunautanguliza. Anayetaka kujifunza kushika kibano, kuloweka na kupanga, anunue. Anayetaka mkusanyo wa sayansi ya ardhi ambao mjiolojia mwenzake ataufungua, avute kiti na kuuliza maswali, pakiti itamchelewesha. Fedha hiyohiyo inunue seti chache za kuchagua, na kinachobaki kigharamie bahasha zilizopita posta kweli.

Watu wa kuuangalia mkusanyo huo Dodoma wapo. Idara ya jiolojia ya Tanganyika ilianzishwa 1925, na mrithi wake, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST), ana makao makuu hapa hapa. Chuo cha Madini kipo mjini, UDOM wanafundisha jiolojia, Wizara ya Madini iko Mtumba. Haneti kuna krisoprasi, jiwe la kijani, Winza kule Mpwapwa kuna yakuti nyekundu, na Sekenke ya Iramba ilichimbwa dhahabu tangu enzi za Mjerumani. Msanii wa stempu akikosea umbo la fuwele, mkusanyaji wa huku ataliona kosa mara moja, na hiyo ni nusu ya raha yenyewe.

Kilichomo

Ukimwaga pakiti mezani, rangi zinapendeza. Mongolia, Hungaria, Bulgaria, Polandi, Kyuba, Vietnam na Ujerumani Mashariki ndizo zinazotawala. Chukua lenzi ya mkono ya mara kumi, ileile ya kuangalizia mawe, uangalie mhuri. Kwenye nyingi utakuta robo ya duara kwenye kona moja, wino mweusi safi, hakuna herufi iliyolegea. Igeuze nyuma: gundi ipo nzima. Stempu iliyobandikwa kwenye barua haiwezi kubaki na gundi yake, kwa hiyo hiyo imegongwa mhuri kwa oda, karatasi nzima kwa mpigo, kisha ikauzwa kwa wakusanyaji kwa bei ya chini. Serikali nyingi za Ulaya Mashariki zilifanya hivyo kupata fedha za kigeni. Si bandia na si haramu, ila haijawahi kubeba barua, na bei yake ya kuuzia tena inakaribia sifuri. Atakayekwambia pakiti ni akiba ya watoto anakudanganya.

Kundi la pili litamshangaza Mtanzania: stempu za nchi yake mwenyewe ambazo hajawahi kuziona. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990 Tanzania, kama nchi nyingi, ilitoa seti nyingi kupitia mawakala wa nje, zikiwemo za dinosaria. Zilitolewa rasmi, lakini zililenga soko la wakusanyaji wa ng'ambo, na kuzikuta kwenye barua ya ndani ya miaka ile ni nadra. Mtu akikuletea bahasha ya kweli, ya kibiashara au ya kifamilia, yenye mojawapo ya stempu hizo na mhuri unaosomeka wa mji wa Tanzania, hiyo bahasha ina thamani kuliko pakiti nzima.

Kundi la tatu ni la kuogopa. Kuna karatasi zinazochapishwa na watu binafsi kwa jina la nchi ambayo posta yake haijui habari hizo, na mada za dinosaria na vito wanazipenda sana. Kwa stempu za 2002 na kuendelea kuna njia ya kukagua: Umoja wa Posta Duniani ulianzisha orodha ya namba za stempu iitwayo WNS kuanzia 1 Januari 2002. Tafuta nchi, mwaka na picha. Isipoonekana, usihukumu papo hapo, maana si kila nchi imejiunga na orodha hiyo. Angalia pia matangazo ya posta husika ya kukana stempu. Ishara nyingine ni bei: kadi kubwa yenye stempu sita za tanzanaiti inayouzwa kwa bei ndogo kuliko thamani iliyochapwa juu yake inastahili kutiliwa shaka.

Kuhusu neno "tofauti": wauzaji wengine huhesabu stempu yenye meno (ule ukingo wa matundu ya kuchania) na ileile isiyo na meno kuwa mbili. Hungaria ilitoa nyingi za namna hiyo. Uliza kabla ya kulipa.

Ubora wa karatasi ni wa wastani. Kagua meno ya pembeni, kona zilizokunjwa, na hasa mahali palipochunwa nyuma na kubaki pembamba. Ishike stempu dhidi ya mwanga wa dirisha. Pembamba huonekana peupe zaidi. Yenye kasoro hiyo iwekwe kando ya kufanyia mazoezi.

Kuloweka kwa maji ya Dodoma

Hapa ndipo pakiti inapolipa, kwa sababu baadhi ya stempu huja na kipande cha bahasha nyuma na ni vizuri kujifunza kwa stempu isiyo na thamani. Maji vuguvugu, dakika 15 hadi 20, stempu uso juu, zisizidi 20 kwa bakuli moja. Usizivute, zikiwa tayari zinaachia zenyewe. Vipande vya bahasha nyekundu, kijani au khaki viloweke peke yake, kwani rangi hutoka na kuingia kwenye stempu, na ikishaingia haitoki. Stempu za kubandika kama stika, ambazo nchi nyingi zimehamia huko, mara nyingi haziachii kwa maji. Zikatie na karatasi yake, ukiacha milimita 5 kila upande.

Tatizo la huku ni chumvi. Atumiaye maji ya bomba la Dodoma anaujua ule utando mweupe unaobaki kwenye birika, na utando huohuo hubaki kwenye stempu nyeusi na za bluu, hasa zilizochapwa kwa wino mzito. Loweka kwa maji ya bomba ukipenda, lakini suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua, ya chupa, au yaliyotoneshwa. Tahadhari kwa anayekwenda duka la vipuri kuuliza maji ya betri: chupa nyingine ni maji yaliyotoneshwa, nyingine ni asidi. Soma lebo, na usipoelewa usinunue.

Kukausha nako kuna hila. Kuanzia Juni hadi Oktoba hewa ya Dodoma ni kavu kiasi kwamba stempu iliyoachwa wazi hujikunja kama ganda la mbegu kabla hujamaliza bakuli la pili. Usisubiri ikauke kabisa. Ilaze kifudifudi juu ya karatasi ya kunyonya wino, na ikiwa bado ina ubaridi wa maji ihamishie katikati ya karatasi mbili kavu, juu yake weka vitabu vizito, uiache usiku kucha. Ikinata, gundi haikuisha; rudisha majini.

Bahasha nzima kamwe haioshwi. Stempu haibanduliwi humo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hafundishwi kuung'oa mwamba bila kuandika ulikotoka, na bahasha ndiyo huo mwandiko: tarehe, mji, gharama, njia.

Albamu inayouzwa pamoja na pakiti

Baadhi ya wauzaji huongeza kialbamu cha bure. Tunashauri ukikatae, au ukipime kwanza. Plastiki laini yenye harufu kali ya mpya mara nyingi ni PVC, na kilainisho chake hutoka taratibu, hasa kwenye joto, kikaifanya stempu ionekane yenye mafuta, wino ukahamia kwenye plastiki. Kipimo chake mjiolojia anakifahamu kutoka maabara: pasha waya wa shaba hadi moto usiwe na rangi, uguse kipande kidogo cha plastiki kwa waya uliopata moto, urudishe kwenye moto. Ukiona kijani, kuna klorini, yaani ni PVC. Fanya nje, mbali na pua yako. Plastiki zinazofaa ni polipropilini na poliesta. Kwa bahasha, vifuko vya kuwekea nyaraka vilivyoandikwa PP vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ofisi vinatosha kabisa.

Adui wa albamu Dodoma si ukungu kama ilivyo Dar es Salaam au Tanga, ingawa kati ya Desemba na Aprili usisahau kuifungua ipate hewa. Adui ni vumbi na mchwa. Vumbi la huku lina chembe za kwatzi, ngumu kuliko karatasi na kuliko plastiki, na kila ukifungua kurasa linakwaruza. Isimamishe albamu wima ndani ya sanduku la chuma lenye mfuniko, mbali na ukuta na lililoinuliwa kutoka sakafuni. Rafu ya mbao iliyogusa ukuta ni mwaliko kwa mchwa.

Seti ambazo tungenunua badala yake

Ya kwanza ni ya jirani: Kenya, 13 Desemba 1977, stempu za madini za matumizi ya kila siku. Senti 10 ni jasi, senti 20 magadi, senti 50 galena (madini ya risasi), senti 70 mti uliogeuka jiwe, na thamani za juu ni vito, yakuti ya bluu kwenye shilingi 10 na nyekundu kwenye 20. Kwa kuwa zilikuwa za matumizi ya kawaida, thamani ndogo zipo nyingi zenye mihuri halisi ya miji ya Kenya, na kuzitafuta kwa mji ni kazi ya miaka kwa gharama ndogo. Mhuri wa Magadi juu ya stempu ya magadi ndio wa kuwindwa. Ni seti bora kabisa ya mada hii Afrika Mashariki, hatuoni mshindani.

Za kwetu ni chache lakini nzito. Shilingi 10 ya Tanganyika, katika seti ya Uhuru ya 9 Desemba 1961, ina almasi na mgodi. Almasi ya Mwadui ilikuwa imegunduliwa na mjiolojia wa Kanada, John Williamson, mwaka 1940. Shilingi 10 zilikuwa fedha nyingi kwa barua ya kawaida siku hizo, kwa hiyo nyingi zilizotumika zilikwenda kwenye vifurushi na zina mhuri mzito unaofunika picha. Tafuta iliyogongwa kona. Mhuri wa Mwadui ukipatikana, usijadili bei muda mrefu.

Shilingi 1 na senti 30 ya Tanzania, 9 Desemba 1965, ina fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, na machimbo ya Olduvai. Mary Leakey alilipata fuvu hilo 17 Julai 1959, na mwaka 1961 tabaka lake lilipewa umri wa miaka milioni 1.75 kwa njia ya potasiamu na agoni, jambo lililotikisa hesabu za wakati huo. Stempu za seti hii zilikubalika kisheria Kenya na Uganda pia, hivyo mhuri wa Nairobi au Kampala si kosa wala si bandia. Bahasha yenye stempu hii na tarehe iliyo kabla ya 9 Desemba 1965 ndiyo ya kuikimbia.

Ongeza seti ya vito ya Tanzania ya 1986, ambayo ina tanzanaiti, jiwe lililopatikana Mirerani 1967. Rangi ya uchapishaji haijaitendea haki zambarau yake, lakini bila hiyo mkusanyo wa Mtanzania una pengo.

Ya tano inatoka Ujerumani Mashariki, 1990, stempu tano za Makumbusho ya Sayansi Asilia ya Berlin. Mifupa iliyo juu yake ni ya dinosaria wa Tendaguru, Lindi: Dicraeosaurus, Kentrosaurus, Dysalotosaurus na Brachiosaurus, pamoja na fuvu la huyo wa mwisho. Msafara wa Kijerumani ulichimba kati ya 1909 na 1913, kazi ya uwanjani ikisimamiwa na Boheti bin Amrani, na zaidi ya tani 200 zilibebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi. Mifupa ya yule mkubwa ilisimamishwa Berlin 1937. Wataalamu wengi sasa humwita Giraffatitan, hivyo jina la kwenye stempu limepitwa na wakati na linafaa kuandikiwa maelezo kwenye ukurasa. Seti yenyewe ni rahisi. Kilicho kigumu ni barua ya kweli: nchi iliyoitoa ilikoma 3 Oktoba 1990, miezi michache tu baada ya stempu kutoka, kwa hiyo stempu zenye gundi na mhuri wa oda zitakujia nyingi, bahasha zilizosafiri chache.

Kwa wanaopenda historia ya taaluma, India 1951 ilitoa stempu ya miaka mia ya idara yake ya jiolojia, yenye tembo wa kale Stegodon, moja ya stempu za mwanzo kabisa za mnyama wa visukuku. Kanada 1972 ilitoa nne za sayansi za ardhi mwaka wa Kongamano la Jiolojia la 24, Montreal. Na Chekoslovakia 1968 ina madini na visukuku kwa ajili ya Kongamano la 23, Prague, ambalo lilivurugwa katikati na vifaru vya Kisovieti vilipoingia mjini usiku wa 20 Agosti. Bahasha za kongamano hilo, tarehe kwa tarehe, ni hadithi kamili. Stempu za seti hiyo mara nyingi zimo hata ndani ya pakiti ya 200, na ndizo za kwanza kuzitenga.

Bahasha: jinsi ya kuipata iliyo safi

Bahasha ya kujitengenezea ni halali mradi imelipiwa sawasawa na imepita posta. Wazo ni kuoanisha stempu na mji: barua iliyogongwa Kondoa ikielekea kwa mtaalamu wa michoro ya miambani, iliyogongwa Mpwapwa ikizungumzia yakuti ya Winza, na kadhalika.

Tumia bahasha ya ukubwa wa C6, milimita 114 kwa 162, nyeupe, isiyo na dirisha. Ndani weka kadi ngumu ili isikunjwe. Fika kaunta mapema asubuhi, kabla foleni haijanenepa, na usibandike stempu kwa kukisia. Pima kwanza, uliza gharama, kisha bandika sentimita 1 kutoka ukingo wa juu na wa kulia. Baada ya kupima toa kadi ndani, kwa sababu unene wake hufanya mhuri uchape nusu. Chini ya bahasha weka karatasi tano sita au kipande cha mpira; meza ngumu ndiyo inayozaa mihuri yenye tarehe isiyosomeka. Mwombe karani kwa adabu agonge mara moja kwenye karatasi taka ili wino wa ziada utoke, kisha kwenye stempu, na mara ya pili pembeni palipo wazi. Mwombe pia asiikate stempu kwa kalamu. Karani akielezwa sababu husaidia, na wengine hupenda. Akigombezwa atagonga katikati ya picha. Acha wino ukauke, rudisha kadi, funga. Rejista inaongeza gharama lakini inaongeza pia lebo na mihuri ya njiani, ambayo ndiyo historia unayoitafuta.

Bahasha za zamani za idara ya jiolojia, zenye maandishi ya utumishi wa serikali yaliyochapwa juu, hujitokeza kwa wauzaji wa nje, kwa kuwa idara za jiolojia zilikuwa zikitumiana machapisho duniani kote. Toa pini na steple kwa uangalifu, kutu yake hula karatasi. Lakini mafaili ya ofisi za umma yaliyopo nchini si mali ya kuokota, hata yakionekana yametupwa stoo: Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002 inayalinda. Anayekuuzia bahasha akishindwa kueleza ilikotoka, mwache nayo.

Uagizaji

Pakiti ya stempu 200 kwa kawaida haifiki gramu 50, hivyo usikubali kutozwa gharama ya kurieri; barua ya rejista hadi S.L.P. yako inatosha. Mwambie muuzaji aandike kwenye fomu ya forodha ya CN22 kwamba ni stempu zilizotumika za wakusanyaji, namba ya forodha 9704, na thamani halisi. Akiandika "zawadi" au akaacha wazi, mzigo una nafasi kubwa ya kufunguliwa na kuulizwa. Aweke kadi mbili ngumu, moja kila upande, na asifunge kwa gundi ya karatasi inayogusa kifuko. Kabla ya kulipa mwulize mambo manne: stempu ngapi zina gundi chini ya mhuri, zisizo na meno zimehesabiwaje, kuna za baada ya 2002 kutoka nchi gani, na kama atakubali kurudishiwa. Asiyejibu la tatu, usimtumie fedha.